Je, wajua kwa nini Mwanza ina dhahabu lakini haina makaa ya mawe?

Dereva wa lori aliyetoka Mbeya alimletea mama mmoja anayekaanga samaki jirani na Mwaloni, Kirumba, bonge la jiwe jeusi lenye ukubwa wa ngumi. Nilikuwa hapo nasubiri sato wangu. Mama akalitumbukiza kwenye jiko la mkaa. Likakaa muda mrefu bila kushika, halafu likaanza kufuka moshi mzito wenye harufu ya kiberiti, wateja wawili wakahamisha viti. (Usijaribu ndani ya nyumba, moshi ule unaua.) Lakini lilipokolea, liliwaka mpaka tukamaliza kula.

"Mwanza yote hii ni mawe," mama akasema, "Geita wanachimba usiku na mchana. Haya ya kuwaka mbona hatuna?"

Jiwe lile halikuanza likiwa jiwe. Lilikuwa majani, magome na mizizi. Mkaa wa gunia na makaa ya mawe vyote ni mimea, tofauti ni tanuru tu. Mchoma mkaa hufunika magogo kwa udongo ili hewa isiingie, na baada ya siku kadhaa anafukua. Ardhi nayo ilifunika mimea iliyoanguka kwenye kinamasi, mahali ambapo maji yaliyotuama yanaizuia isioze ikaisha. Ikarundikana, matope yakaja juu yake, uzito na joto vikaikamua maji kwa mamilioni ya miaka.

Makaa yetu ya kusini yalianza hivyo katika zama za Permi, kati ya miaka milioni 299 na milioni 252 iliyopita. Afrika wakati huo ilikuwa imeshikana na India, Amerika Kusini na Antaktika katika bara moja, Gondwana. Mti uliotamba kwenye vinamasi hivyo ni Glossopteris, wenye majani ya umbo la ulimi.

Sasa tazama Jiwe la Bismarck pale ziwani, au yale majabali ya Mabatini yaliyobanana na nyumba za watu. Hiyo ni matale (graniti), mwamba ulioyeyuka kisha ukaganda, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati inaganda, nchi kavu haikuwa na jani hata moja. Kutafuta makaa humo ni sawa na kufukua kaburi la babu wa babu yako ukitafuta simu janja.

Dhahabu haikuhitaji mti. Maji ya moto yenye salfa yaliibeba kupitia nyufa za miamba, na yalipokutana na mwamba wenye matabaka ya chuma, kama ule wa Geita, salfa ikashikana na chuma, dhahabu ikabaki hapo. Ndiyo maana Geita ilikuwa na mgodi wa chini ya ardhi tangu 1936 hadi ulipofungwa 1966, miaka mingi kabla ya mashimo makubwa ya wazi ya leo.

Mtu mbishi atauliza: je, vinamasi havikuweza kuota juu ya matale baadaye? Huenda viliota. Ila matale huganda kilomita kadhaa chini ya ardhi. Ukiyaona yamesimama juani, jua kwamba vyote vilivyokuwa juu yake vilishachukuliwa na maji na upepo, na kinamasi kama kilikuwepo kilikwenda navyo. Makaa huponea mahali ardhi inapodidimia na kuyameza. Kusini, kule Ruhuhu na Songwe-Kiwira, vipande vya nchi vilishuka kati ya nyufa kubwa. Mwanza imekaa juu ya kiini kigumu cha bara ambacho hakikushuka hivyo. Hata ziwa lenyewe ni sahani tu, kina chake hakizidi sana mita 80, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye mashimo. Wachimbaji wadogo wa Geita huufuata mshipa wa dhahabu kwenda chini, duara (shimo lao) likishikiliwa na matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta. Mchimbaji wa makaa hufuata tabaka, kwa hiyo njia zake hutanda kwa upana. Tena tabaka hilo limefungia methani, gesi ileile inayobubujika ukikanyaga matope ya kinamasi, na cheche moja yatosha kuilipua. Mgodi wa chini wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa 1988, ulikuwa wa aina hiyo. Ulipangwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, ni mdogo kwa migodi ya makaa, na ulikuwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Mwishoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ukasimama.

Kesho yake asubuhi nilipita tena Kirumba. Mama alikuwa anakung'uta jiko. Majivu ya mkaa yalipeperuka, lakini chini yake kulikuwa na mabonge ya kijivu, mazito, yaliyogoma kupita kwenye matundu. Akanionyesha moja, akataka kujua ni nini tena hiki. Ni udongo, nikamwambia, yale matope ya kinamasi yaliyoingia katikati ya majani.

"Kumbe jana nimepikia tope," akasema, akalitupa.