Je, wajua kwa nini hereni uliyoivaa miaka minane inaweza kuanza kukuwasha leo?

Sikio linaanza kuwasha Jumatatu. Kufika Jumatano ndewe imevimba, inatoa majimaji, na ngozi inabanduka magamba. Mwenye sikio anashuku kila kitu isipokuwa hereni, kwa sababu hereni hiyo anayo mwaka wa nane sasa. Analaumu sabuni mpya, mafuta ya nywele, vumbi la kiangazi. Hereni inaponea kwa hoja moja inayoonekana haina tundu: ingekuwa mbaya, ingeonyesha siku ile ya kwanza.

Ukweli uko upande wa pili kabisa. Kinachowasha ni nikeli, metali iliyomo kwenye hereni nyingi, na siku ya kwanza ndiyo siku ambayo mzio wa nikeli hauwezi kutokea. Mwili hauzaliwi na chuki na nikeli; unaipata kwa kujifunza. Kujifunza huko huchukua siku 10 hadi 14 kwa uchache, mara nyingi miezi, na kwa wengine miaka. Kwa hiyo maneno "nimeivaa muda mrefu" hayaisafishi hereni. Kwa daktari wa ngozi ni sababu ya kuiangalia kwa makini zaidi.

Maelezo mengine ya mtaani nayo yanapotosha, kila moja kwa njia yake. "Itakuwa feki, dhahabu haiwashi." Dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, robo iliyobaki ni metali nyingine, na katika dhahabu nyeupe metali hiyo mara nyingine ni nikeli. Pete ya tanzanaiti iliyonunuliwa Arusha kwa bei halali, yenye risiti, inaweza kumwasha mtu bila udanganyifu wowote: dhahabu nyeupe kwa kawaida hufunikwa kwa metali nyingine iitwayo rodi, na rodi inapolika baada ya miaka, ngozi inakutana na kilichokuwa chini yake. "Inaacha rangi ya kijani, ndiyo aleji yenyewe." Hapana, hiyo ni shaba inayojibizana na jasho, inaoshwa kwa sabuni na haihusiani na mzio. "Damu chafu." Damu haina kosa lolote hapa.

Nikeli yenyewe haihitaji utambulisho mrefu. Ni metali nyeupe, ngumu na rahisi kung'arishwa. Iko Kabanga kule Ngara kwa wingi wa kuchimbwa, na iko kwenye vifungo vya jinzi, zipu, saa, funguo na hereni za bei ya kawaida. Kati ya metali zote ndiyo inayoongoza kwa mzio wa ngozi duniani. Ulaya, wanawake wenye mzio huu ni kama asilimia 10 hadi 15, na wanaume ni asilimia chache. Tofauti hiyo inatokana zaidi na kutoga masikio kuliko jinsia, kwa kuwa wanaume waliotoga nao huwa nao zaidi kuliko wasiotoga.

Sasa, mwili unajifunzaje kuchukia kipande cha metali?

Fikiria mfugaji wa Monduli. Ng'ombe wake anawajua kwa alama ya sikio, mkato wa namna fulani mahali fulani. Mtu angedhani nikeli ni ng'ombe mgeni aliyeingia zizini. Siyo. Nikeli ni mtu anayeingia usiku na kuongeza mkato mmoja kwenye sikio la ng'ombe wako mwenyewe. Asubuhi ng'ombe ni yuleyule, maziwa ni yaleyale, lakini alama si ya nyumbani tena. Ioni ya nikeli, yaani chembe ya nikeli yenye chaji ya umeme, ni ndogo mno kutambuliwa peke yake. Inachofanya ni kujibana kwenye protini za mwili, na protini ya nyumbani ikaanza kuonekana ya ugenini.

Wa kwanza kuiona ni layoni, kijana wa Kimaasai anayechunga; hapa ni seli za ulinzi zilizotawanyika ndani ya ngozi. Layoni hapigani. Kazi yake ni kukimbia na habari hadi bomani, na boma hapa ni tezi za limfu, zilezile zinazovimba shingoni ukiumwa koo. Bomani kuna morani wengi mno, na kila mmoja amezaliwa akiijua alama moja tu. Wengi wao hawataitwa maisha yao yote. Wanatafutwa wale wachache wanaoutambua mkato ule mpya, na wakipatikana wanaongezeka: mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, hadi wanakuwa kikosi. (Hapo mfano unachechemea, maana morani wa kweli hawajigawi mara mbili.) Msako huo na kuongezeka huko ndiko kunakokula siku 10 hadi 14, na muda wote huo ngozi haionyeshi hata doa.

Baada ya hapo baadhi ya morani hao, ambao jina lao la maabara ni seli T, hubaki wakizunguka kwenye damu na ngozi kwa miaka, kwa kawaida maisha yote. Mkato ukionekana tena, hakuna msako; wanajulikana na wako tayari. Hata hivyo wanatembea kwa miguu. Wanahitaji saa 24 hadi 72 kufika kwa wingi na kuwasha moto. Ndiyo maana aliyevaa saa ya kuazima harusini Jumamosi anawashwa Jumatatu, na anayelaumiwa ni nyama ya harusi.

Kuna jambo moja la ajabu ndani ya habari hii. Layoni hakimbii kwa kila kitu kigeni anachokiona. Lazima kwanza baragumu ilie, dalili kwamba kuna hatari. Kwa vitu vingi baragumu hupulizwa na kidonda au bakteria. Nikeli inajipulizia yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba nikeli inashika moja kwa moja kipokezi cha binadamu kilichoumbwa kunusa bakteria, kiitwacho TLR4, kwenye histidini mbili (vipande vidogo vinavyojenga protini) zilizokaa mahali panapoifaa. Panya hana histidini hizo mahali hapo. Matokeo yake, panya wa maabara ni mgumu kumpa mzio wa nikeli mpaka asaidiwe kwa dawa nyingine ya kumchokoza, na kwa miongo kadhaa hilo liliwasumbua waliotaka kuuchunguza ugonjwa huu kwa panya.

Kwa nini basi mmoja apate baada ya wiki tatu, mwingine baada ya miaka minane, na mwingine asipate kamwe? Kwa sehemu ni wingi wa ioni kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa sehemu ni jeraha: tundu bichi la sikio ni mlango wazi, na hereni ya nikeli iliyowekwa siku ya kutoga inakaa ndani ya nyama kwa wiki kadhaa. Kuhusu urithi, tafiti za mapacha zimepingana, kwa hiyo "kwetu tuna aleji" si maelezo ya kutosha.

Neno "ioni" ndilo lenye uzito, na hapa pana kosa la pili ambalo hata wauzaji makini hulifanya: kuuliza kama kitu kina nikeli. Swali lenye maana ni kama kinatoa nikeli. Sufuria ya stenlesi ya kawaida ina kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na bado haiwashi mkono, kwa sababu kromi iliyoko juu inaungana na hewa na kutengeneza utando wa nanomita chache unaoifungia nikeli ndani. Hereni ya shaba iliyochovywa nikeli ina nikeli kidogo mno kwa uzito, lakini yote iko juu, uchi. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria yake mwaka 1994 ulipima hicho hicho, yaani kinachotoka: leo kikomo ni mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki kwa vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu, na 0.2 kwa vipini vya kutogea.

Kinachoitoa nikeli ni jasho, lenye chumvi na asidi kidogo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini yake kwa mita mia kadhaa, na tofauti hiyo mtu huiona kwenye kola ya shati. Saa ileile iliyokaa kimya mkononi Arusha mwezi Julai inaweza kuanza vurugu Moshi mwezi Februari. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya jasho hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu zinafanya kama betri ndogo na moja inalika haraka. Sarafu za euro 1 na 2, zenye rangi mbili, zilipimwa mwaka 2002 na kukutwa zikitoa nikeli mamia ya mara kuliko kikomo cha sheria ya Ulaya yenyewe. Kwetu, sarafu ya shilingi 500 iliyotoka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Mnunuzi anaishika sekunde tatu, haimhusu. Konda wa kifodi anayezikunja kiganjani tangu alfajiri ana sababu ya kuziweka kwenye mfuko wa kitambaa kama tayari ana mzio.

Usijaribu kwa sumaku. Nikeli inavutwa na sumaku, chuma kitupu pia; stenlesi yenye nikeli mara nyingi haivutwi; na aina ya stenlesi isiyo na nikeli inavutwa vizuri kabisa. Sumaku inakosea pande zote mbili.

Kipimo cha kweli ni matone mawili: dimethailiglayoksimi ya asilimia 1 ndani ya alkoholi, na amonia ya asilimia 10. Osha kitu kwa sabuni, kikauke. Weka tone moja la kila chupa kwenye pamba ya masikio, sugua upande usioonekana kwa sekunde 30, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya harufu. Pamba ikigeuka waridi, nikeli inatoka. Kahawia ni kutu au uchafu, osha na urudie. Pamba ikibaki nyeupe si hati ya usafi: kipimo hiki hukosa vitu vinavyotoa kidogo kidogo, na hakitaona nikeli iliyo chini ya dhahabu ya kuchovya mpaka dhahabu ilike.

Kumpima mtu ni kazi ya kliniki. Moshi ina bahati hapa: kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kipo hospitali ya KCMC tangu 1992. Kipimo chenyewe ni kubandika mgongoni nikeli salfeti ya asilimia 5 iliyochanganywa na vaselini, kuibandua baada ya saa 48, na kusoma siku hiyo na tena siku ya tatu au ya nne. Kinachoharibu kipimo ni mgonjwa kuoga mgongo, kubeba mzigo akatoka jasho, au kuwa amepaka krimu ya steroidi mahali palepale siku chache kabla. Kipimo cha damu cha aleji hakifai hapa. Kinatafuta kingamwili, na mzio huu hauendeshwi na kingamwili.

Tiba kubwa ni kuondoa kinachogusa. Kwa hereni za shanga, shanga za kioo hazina hatia. Tatizo ni ndoano. Fundi wa pale soko la Maasai anaweza kuibadilisha kwa koleo ndogo ndani ya dakika moja, ukimletea ndoano ya titani au ya plastiki. Kifungo cha jinzi ya mtumba kutoka soko la Memorial kishonee kitambaa kwa ndani. Kuteksi isiyo na rangi, tabaka mbili, inasaidia kwa siku chache, kisha inapasuka na lazima irudiwe. Usisugue hereni kwa limau ili "kuitakasa": asidi inaitoa nikeli kwa kasi zaidi.

Fundi ujenzi ana metali yake, kromi iliyo ndani ya saruji mbichi. Saruji inaweza kuunguza ngozi kwa ukali wake tu, na hiyo inapona. Kromi inafundisha mzio, na mzio huo ni mashuhuri kwa kutotoka hata baada ya kuacha kazi. Ulaya tangu 2005 kromi inayoyeyuka haitakiwi kuzidi sehemu 2 kwa milioni, na viwanda hufikia hapo kwa kuchanganya feri salfeti, chumvi ya chuma ambayo nguvu yake hupungua mfuko ukikaa stoo miezi mingi au ukipata unyevu. Glavu za ngozi ni chaguo baya kwa fundi aliyekwisha kupata mzio, kwa sababu ngozi nyingi husindikwa kwa kromi. Za naitrili, aina ya mpira, ni bora, na zege likiingia ndani zivuliwe papo hapo, maana glavu yenye zege ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Je, metali za kwenye hewa na chakula huleta pumu na aleji za kupiga chafya? Hapa ushahidi ni mwembamba. Tafiti za risasi na kadimiamu kwenye damu zimetoa majibu yanayopingana. Kilicho imara kinatoka viwandani: chumvi za platini huwapa pumu halisi wafanyakazi wa viwanda vya kusafishia metali hiyo, ilhali pete ya platini ni miongoni mwa vitu salama kabisa kuvaa. Kuhusu chakula, maharage, karanga na kakao vina nikeli, lakini wenye mzio wengi hula makande bila taabu. Wachache wenye malengelenge ya viganja yasiyopona ndio huambiwa na daktari wajaribu kupunguza.

Mdomo, kwa kweli, unaweza kuwa unafanya kinyume. Katika tafiti kadhaa za Ulaya, watoto waliofungwa nyaya za kunyoosha meno, ambazo zina nikeli, kabla ya kutogwa masikio walipata mzio wa nikeli kwa uchache kuliko waliotogwa kwanza. Inaelekea nikeli inayopitia tumboni huufundisha mwili uvumilivu, na inayopitia kwenye tundu la sikio huufundisha vita. Ni tafiti za kuangalia tu, si za majaribio, kwa hiyo hakuna anayeshauri mtoto afungwe nyaya kwa ajili hiyo.