Notisi ya kusudio la kushtaki ni kitu gani?

Ni barua. Naanza hapo kwa sababu watu hukosa usingizi wakidhani tayari wameshtakiwa.

Anayekudai, wakili wake au kampuni ya kukusanya madeni anakuandikia kwamba ulipe kiasi fulani ndani ya siku kadhaa, mara nyingi 7 au 14, la sivyo ataenda mahakamani. Siku hizo kazipanga yeye, si hakimu. Barua yaweza kuwa na mhuri na picha ya mizani, lakini kesi bado haijafunguliwa, na aliyeileta hana ruhusa ya kubeba friji yako. Anayekamata mali kutekeleza hukumu ni dalali wa mahakama, tena akiwa na amri ya mahakama mkononi. (Kama mali uliiweka dhamana, soma mkataba kwanza; hapo mambo hubadilika.)

Samansi, yaani wito wa mahakama, ni kitu kingine. Ina jina la mahakama, namba ya shauri na tarehe. Hiyo usiiache hata siku moja, maana usipotokea kesi husikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka. Kwenye mahakama ya wilaya na za juu yake, kwa kawaida una siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi.

Turudi kwenye notisi. Chukua mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Alichukua laki nane za kausha damu, yaani mkopo wa riba kali, akarejesha karibu zote kwa simu. Sasa anadaiwa milioni moja na laki mbili. Kwa hofu anaandika, "Naomba mnivumilie, nitalipa kidogo kidogo." Sentensi hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu amekiri deni zima ambalo halitambui. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, yaani muda wa mwisho wa kuyafungulia kesi, na kukiri kwa maandishi yenye sahihi, au kulipa sehemu, huweza kuifanya miaka hiyo ihesabiwe upya.

Angeandika hivi:

"Nimepokea barua yenu. Sikubaliani na kiasi mnachodai. Naomba nakala ya mkataba, orodha ya malipo yote mliyopokea, mchanganuo wa riba na faini, na uthibitisho kwamba mmepewa mamlaka ya kunidai. Barua hii si kukiri deni."

Anatoa nakala mbili, anapeleka mwenyewe, na moja anarudi nayo ikiwa imeandikwa "imepokelewa", tarehe na sahihi. Kisha anaomba kampuni ya simu impe taarifa ya miamala yake, maana meseji pekee hazitoshi. Simu ikitumbukia ziwani, ushahidi umezama nayo. Kisheria anayedai ndiye anayethibitisha deni, lakini ukisema umeshalipa, risiti utaulizwa wewe.

Wakitishia polisi, kumbuka kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai, isipokuwa kuwe na tuhuma kama ya udanganyifu. Na mkopeshaji mwenyewe ana sheria yake, ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka awe na leseni. Muulize namba ya leseni. Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza, na malalamiko yanapelekwa huko.

Usiye na fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Ulizia ofisi ya kata au halmashauri, Nyamagana au Ilemela, na uende na notisi yenyewe kabla siku zilizoandikwa hazijaisha.