Wakimbizi si wa Umoja wa Mataifa peke yake

Wakristo wengi husema wakimbizi ni kazi ya serikali na Umoja wa Mataifa, kanisa lihubiri Injili tu. Si kweli. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni au kuokota masazo. Hayo aachiwe maskini na mgeni. Ndivyo Ruthu, mwanamke wa Moabu, alivyookota masuke ya shayiri nyuma ya wavunaji wa Boazi, akapata chakula chake na cha mkwewe Naomi. Yesu mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mtoto, Herode akitaka kumuua, na katika Mathayo 25 anasema yeye ndiye yule mgeni aliyekaribishwa. Sioni namna ya kuihubiri Injili huku ukiruka sura hiyo.

Hapa Tanzania Walutheri walilitambua mapema: mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha shirika la TCRS (Tanganyika Christian Refugee Service) kuhudumia wakimbizi. Usajili na mipaka ni vya serikali, sawa. Lakini mama anayefika Kigoma na mtoto mgongoni anahitaji pia maji, kanga kavu na mtu wa kumsikiliza, na hayo parokia yoyote ya jirani inayaweza.