Programu huria: nani anaikagua, nani anaisasisha?

Kila tunapotoa mafunzo kwa watumishi wa afisi za Serikali, Unguja na Pemba, swali hili halikosi: ikiwa msimbo wa programu huria, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadilisha, mwizi naye si anausoma? Anausoma, ndiyo. Lakini mwizi si lazima auone msimbo ndipo aingie. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za Windows katika nchi nyingi, na msimbo wa Windows haujapata kuwa huria. Microsoft walishatoa marekebisho tangu Machi. Wengi walioumia hawakuyaweka.

Hata hivyo, kuwa wazi peke yake si kinga. OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ilikaa na kasoro ya Heartbleed tangu Machi 2012 mpaka ilipotangazwa Aprili 2014. Msimbo ulikuwa hadharani muda wote huo, ila wenye kuutunza walikuwa wachache mno kwa mzigo waliobeba.

Kisa cha XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, kina funzo zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kuisaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akakabidhiwa madaraka. Kisha akatia mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, akaona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungesema leo mtandao mzito, tukaendelea na kazi. Yeye akafukua, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia kuifungua programu ile, akaufikia mzizi. Tarehe 29 Machi akatangaza, na matoleo yale hayakuwahi kuenea kwenye seva nyingi, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyengine.

Hapa kwetu Wizara ya Afya hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Oslo wakishatoa toleo lenye marekebisho, kazi ya kuliweka inabaki kwa anayesimamia seva.

Mimi binafsi huogopa zaidi Microsoft Office ya kreki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila ya kulipiwa, inayotembezwa kwa flashi afisi hadi afisi. Jambo la mwanzo unaloambiwa ni kuzima kinga ya virusi ili kreki ikubali! Bora LibreOffice, programu huria ya kazi hizo hizo za afisi, tena ipakuliwe kwenye tovuti ya wenyewe, si kwa rafiki wala kwenye kiungo cha WhatsApp.

Kabla ya kuweka programu yoyote, tazama toleo la mwisho lilitoka lini. Ikiwa miaka imepita bila ya kuguswa, iache. Masasisho yanakula bando, najua. Afisi na skuli ziyatengee fedha kama zinavyotenga za wino wa printa. Na kama kompyuta zenu bado zina Ubuntu 20.04, toleo la mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, masasisho yake ya kawaida yalikwisha Mei 2025. Zihamishieni toleo jipya.