Tafuta kikao cha saa ile pombe inapokubana

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka kuacha pombe huuliza jambo moja hata kabla hawajakaa vizuri: kikao cha karibu cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kiko wapi? Nami huwauliza kwanza, pombe hukubana saa ngapi?

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Nairobi, nimeona saa ina uzito kuliko umbali. Anayeanza kunywa Ijumaa akitoka kazini hasaidiki sana na kikao cha Jumapili asubuhi, hata kiwe jirani na kwake. Anahitaji awe ameshaketi mahali, na simu ameizima, Ijumaa hiyo saa 12:30 jioni wenzake wanapoagiza raundi ya kwanza. Kwa hiyo chukua karatasi, andika siku na saa zako mbaya, pamoja na siku ya mshahara. Hapo ndipo uanze kutafuta.

Lakini kama asubuhi mikono hutetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Dalili huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuweweseka, kutokwa jasho jingi na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Nenda hospitali, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa, upewe dawa za kukuvusha. Kikao kitakungoja.

Kwa Kenya, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize huduma na makundi yaliyo karibu nawe. Alcoholics Anonymous, yaani AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wana orodha ya vikao mtandaoni, vya ana kwa ana na vya video. Ukiona kikao kwenye orodha, piga simu kabla ya kupanda matatu, kwa sababu makundi mengi hutumia vyumba vya kuazima, na chumba cha kuazima huhama. Uliza lugha, uliza mnaingilia mlango upi, uliza kama kikao ni cha wazi, ambacho hata ndugu yako anaweza kuhudhuria, au ni cha wenye tatizo la pombe pekee. Mwanamke anaweza kuuliza kama kuna kikao cha wanawake. Msomaji wa Zanzibar ataona kwamba huko Narcotics Anonymous (NA), ushirika kama AA wa waraibu wa dawa za kulevya, ndiyo iliyoshika mizizi, kupitia nyumba za waraibu wanaopata nafuu. Usijitoe kwa sababu shida yako ni pombe: NA huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine.

AA yenyewe ilianza kwa simu ya namna hii. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson wa New York alikuwa mjini Akron, Ohio, na mpango wake wa biashara ulikuwa umevunjika. Alisimama kwenye ukumbi wa hoteli huku baa ikimwita upande mmoja. Akashika orodha ya makanisa, akaanza kupiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, wakazungumza kwa saa kadhaa. Kinywaji cha mwisho cha Smith kinahesabiwa kuwa cha tarehe 10 Juni mwaka huo, na tarehe hiyo ndiyo AA huadhimisha kama siku ya kuzaliwa kwake. Mimi huwasimulia wateja wangu kisa hiki ili waone kwamba Wilson hakungoja hamu impite. Alipiga simu ikiwa bado imemshika.

Ukiingia, kikao huchukua kama saa moja. Kunasomwa kidogo, kisha watu wanasimulia mmoja mmoja, na hakuna anayemkatiza au kumkosoa mwenzake. Zamu yako ikifika, sema "leo nasikiliza tu". Inatosha. Hakuna ada. Kapu likipita, mgeni halazimiki kutoa. Sharti la uanachama ni moja, kutaka kuacha kunywa. Mwislamu asiogope akielekezwa kwenye ukumbi wa kanisa, kwa kuwa AA haifungamani na dhehebu lolote, na hatua zake kumi na mbili za kupona humtaja Mungu "kadiri tunavyomwelewa".

Na ndiyo, huenda ukakutana na jirani humo. Naye amekuja kwa shida ileile, na yanayosemwa humo hubaki humo.

Kundi la kwanza lisipokufaa, nenda jingine kabla hujakata shauri. Makundi hutofautiana mno. Mke, mume au mzazi ana mahali pake pia: Al-Anon, iliyoundwa mwaka 1951, ambayo Lois, mke wa Bill Wilson, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Anaweza kwenda hata kama mnywaji amekataa katakata kutoka nyumbani.

Kabla hujaondoka kikaoni, omba namba za watu wawili waliokaa muda mrefu bila kunywa. Mpigie mmoja kesho yake kumsalimu tu, uzoee sauti yake. Siku ya mshahara, mwombe akungoje stejini muingie kikaoni pamoja.