Handikapu ya gofu: wa mikwaju 92 anamshindaje wa 78?

Kijiweni kwetu Isevya, hapa Tabora, yupo mzee fundi cherehani ambaye hakuna anayecheza naye drafti kete kwa kete. Ukikaa mbele yake anakutazama kwanza, kisha anaondoa kete zake mbili ubaoni, anazitia mfukoni, ndipo anasema, "Haya, anza." Mimi zamani alikuwa ananitolea tatu. Siku hizi ni mbili, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Juzi mpwa wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, ambako ni kedi, yaani anawabebea wachezaji wa gofu mifuko ya fimbo. Akatusimulia mashindano ambayo aliyepiga mikwaju 92 alichukua kikombe, aliyepiga 78 akarudi mikono mitupu. Na gofu, kwa asiyejua, mikwaju michache ndiyo ushindi. Kijiwe kikapiga kelele: hapo pana mkono wa mtu! Fundi peke yake akatulia.

"Huyo wa 92 alitolewa kete ngapi?"

"Ishirini na moja, babu."

"Na mwenzake?"

"Tano."

Fundi akahesabu kwa vidole. 92 toa 21 inabaki 71. 78 toa 5 inabaki 73. "Basi kashinda kihalali," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Hiyo ndiyo handikapu: idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji ili dhaifu na hodari waingie uwanja mmoja na wote wawe na tumaini. Inayohesabiwa kabla ya kupunguza ni jumla ghafi, baada ya kupunguza ni jumla halisi. Handikapu kubwa ni ya mchezaji dhaifu, ndogo ni ya hodari. Mwenye sifuri hapunguziwi kitu, na wapo waliovuka hata hapo, wenye alama ya kujumlisha mbele ya namba zao, ambao badala ya kupunguziwa wanaongezewa mikwaju. Wachezaji wa kulipwa hawapunguziani chochote kwenye mashindano yao.

Tofauti ya fundi na gofu ni kwamba fundi anakadiria kwa jicho. Gofu inakokotoa, na tangu 2020 dunia ina mfumo mmoja wa kukokotoa, unaosimamiwa na chama cha gofu cha Marekani, USGA, pamoja na The R&A ya kule St Andrews, Uskoti. Kabla ya hapo mifumo ilikuwa sita, na mtu akisafiri na namba yake ilikuwa kama kusafiri na fedha isiyobadilishika.

Sasa hesabu yenyewe. Kila uwanja uliopimwa una namba mbili. Ya kwanza ni kipimo cha uwanja: mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa handikapu sifuri, tuseme 71.2. Ya pili inaitwa slopu, inaanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo uwanja wa kawaida. Neno hilo lina maana ya mteremko, na wengi hudhani linapima vilima. Halipimi. Mteremko unaosemwa ni wa mstari kwenye grafu: uwanja unavyozidi kumwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko hodari, mstari unazidi kusimama. Hodari anaruka bwawa bila kulitazama, huyu mwingine anaacha mipira mitatu humo. Slopu inapima pengo hilo.

Mpwa wangu akachukua kipande cha chaki ya fundi, akaandika juu ya ubao wa kukatia nguo. Tuchukue uwanja mgumu, kipimo 71.2, slopu 128. Bosi wake kapiga 95. Toa 71.2, inabaki 23.8. Zidisha kwa 113, gawa kwa 128, unapata 21.0. Hiyo ndiyo tofauti ya siku ile. Kesho yake akaenda uwanja mwepesi, kipimo 68.5, slopu 110, akapiga 91. Toa 68.5, inabaki 22.5, zidisha kwa 113, gawa kwa 110: 23.1.

Tazama hapo. 91 ni mbaya kuliko 95. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasikiliza kwa sikio moja aliposikia hilo alizima pikipiki. Lakini ukifikiri ni jambo la kila siku: kufika mjini kwa saa moja kwenye lami si sawa na kufika kwa saa moja na robo kwenye tope la masika.

(Hali ya hewa nayo ina nafasi yake. Siku yenye upepo mkali, wengi wakivurunda kwa pamoja, mfumo unaweza kurekebisha hesabu za siku hiyo kidogo. Sitaingia huko.)

Siku ya tatu, uwanja ule mgumu, 99. Tofauti 24.5. Sasa ana kadi tatu, yaani rekodi za michezo mitatu, kila moja ya mashimo 18, jumla mashimo 54, na hicho ndicho kima cha chini cha kupewa namba. Mfumo unachukua kadi yake bora, ile ya 21.0, kisha unapunguza 2.0 zaidi. Anapata 19.0. Namba hii ndiyo indeksi yake ya handikapu, na kwa mchezaji yeyote haizidi 54.0.

Mbona wanampunguzia mgeni? Kwa sababu kadi tatu hazitoshi kukuonyesha siku yake nzuri kabisa. Kadi zikiongezeka, masharti yanabadilika, hadi zikifika 20: hapo wanachukua tofauti 8 zilizo bora kati ya 20 za mwisho na kutafuta wastani wa hizo nane tu. Kumi na mbili mbaya zinawekwa kando.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo wanaocheza kila Jumamosi. Wanadhani handikapu ni wastani wa uchezaji wao. Siyo. Ni picha ya mtu akiwa kwenye siku zake nzuri. Kwa hiyo siku nyingi utapiga vibaya kuliko handikapu yako, na hilo si dalili kwamba umeshuka kiwango. Mpwa wangu anasema mabosi wanatupa fimbo kwenye nyasi kwa hasira kumbe hesabu ilishawaambia mapema.

Indeksi si ndiyo mikwaju unayopewa moja kwa moja. Kwenye kila uwanja inageuzwa: izidishe kwa slopu, igawe kwa 113, kisha ongeza kipimo cha uwanja ukitoa pari, yaani mikwaju rasmi ya mashimo yote. Ule uwanja mgumu, pari yake ikiwa 72, indeksi ya 19.0 inazaa 21.5, toa 0.8, ni 20.7; ikikamilishwa, 21. Hizo ndizo zile ishirini na moja za mwenye kikombe. Uwanja ule mwepesi wenye pari 70, mtu yuleyule angepewa 17 tu. Mwenzake mwenye indeksi 5.0 anapata 5 kwenye ule mgumu. Waandaaji wa mashindano mara nyingi wanachukua asilimia 95 ya namba hiyo, na hata kwa kipimo hicho aliyepiga 92 bado angeshinda, 72 kwa 73.

Kisha kuna shimo moja baya. Bosi wa mpwa wangu, kabla hajapata indeksi, alikaa kwenye shimo la pari 4 mpaka mkwaju wa 13, mipira ikiingia majini mmoja baada ya mwingine. Kwenye hesabu ya handikapu ikaandikwa 9, maana asiye na indeksi bado anahesabiwa mwisho pari ongeza tano. Akishaipata, kikomo ni pari ongeza mbili, ongeza mikwaju anayopewa kwenye shimo lile. Mwenye 21 anapewa mmoja kila shimo, na wa pili kwenye mashimo matatu magumu zaidi. Kwa hiyo shimo gumu la pari 4 kwake halizidi 8.

Kikomo hicho kinawabana na wajanja. Wapo wanaoharibu kadi makusudi ili namba ipande, halafu waje kutamba siku ya kikombe. Kwenye drafti tunawajua: anapoteza michezo mitatu ya bure Ijumaa ili Jumamosi penye dau la soda atolewe kete. Mfumo umeweka breki: indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa ya miezi 12, kinachozidi hapo kinapunguzwa nusu, na haivuki 5.0 juu ya hiyo ya chini. Na akipiga kadi ya ajabu, tofauti ikiwa chini ya indeksi yake kwa 7.0 au zaidi, anakatwa mara moja.

Tulipomaliza, mpwa wangu akavuta gogo, akakaa mbele ya ubao wa drafti. Hajawahi kucheza na fundi. Mzee akamtazama, akaondoa kete moja.

"Babu, wenzangu unawatolea mbili!"

"Wale nina kadi zao," akasema fundi. "Anza."