Makaa ya mawe "safi": dhana potofu na ukweli kutoka mtambo wa kuzalisha umeme

Dhana: Moshi mweusi ukiisha, uchafu nao umeisha.

Ukweli: Umeshushwa chini. Vichujio vinavyotumia chaji ya umeme hunasa zaidi ya asilimia 99 ya majivu laini, na tope la chokaa huosha salfa kabla moshi haujatoka. Ni hatua kubwa, na majirani wa mtambo hupumua vizuri zaidi. Ila majivu yaliyonaswa yana sumu kama aseniki na madini ya risasi, na kuna mtu anayeyazoa, anayeyapakia, anayerudi nyumbani nayo kwenye mikunjo ya ovaroli. Mtoto akimkimbilia mlangoni, kumbatio la kwanza ni la vumbi hilo. Tarehe 22 Desemba 2008, bwawa la majivu la Kingston, jimbo la Tennessee, Marekani, lilibomoka likamwaga takriban mita za ujazo milioni 4. Wafanyakazi waliosafisha wakaugua, wakaenda mahakamani wakisema hawakupewa kinga ya kutosha. Kwangu mimi, mtambo usio na bafu na mahali pa kufulia nguo za kazi haustahili kuitwa safi.

Dhana: Vichujio hivyo huzuia pia hewa ukaa.

Ukweli: Havizuii. Mtambo wa kisasa kabisa hugeuza karibu asilimia 45 ya nishati ya makaa kuwa umeme. Mikongwe mingi hufikia kama 33. Makaa yanayochomwa hupungua, na hewa ukaa hupungua kwa kiasi hicho tu. Kuinasa kunahitaji mtambo mwingine, kama ule wa Boundary Dam, Kanada, ulioanza 2014, na kazi hiyo hula sehemu ya umeme unaozalishwa.

Dhana: Kwa vichujio hivyo, mchimbaji wa makaa naye yuko salama.

Ukweli: Vumbi linaloharibu mapafu yake liko mgodini. Dohani haihusiki.

Dhana: Wafanyakazi hupinga mabadiliko yoyote.

Ukweli: Wengi wanauliza nani atafundishwa kazi mpya, lini, na pensheni itakuwaje. Wakipewa nafasi, hujadiliana. Ujerumani iliweka wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi kwenye tume ya makaa ya mawe. Sheria ya 2020 ikapanga kuyaacha ifikapo 2038, na mikoa ya makaa ikaahidiwa hadi yuro bilioni 40. Maswali hayo huulizwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, zamu ya usiku ikitoka na ya asubuhi ikiingia, miaka mingi kabla ya tangazo la kufunga mtambo kubandikwa ukutani.